Homa ya ini, mama na mtoto: jambo lililojulikana tangu 1975

Wadau, nimekuwa kimya kwa muda, mnisamehe. Kazi za chumba cha habari mnazijua. Leo nimekuja na habari ndefu kidogo, ya historia, lakini imeanzia kwa mtu ninayemfahamu, kwa hiyo nianzie huko.

Mwaka jana mshikaji wangu mmoja niliyesoma naye chuo alikwenda kuchangia damu. Kijana mwenye afya zake, anacheza mpira kila Jumamosi, hajalazwa hospitali tangu utotoni. Baada ya siku kadhaa akapigiwa simu, akaitwa, akaambiwa damu yake haitatumika kwa sababu ina virusi vya homa ya ini aina ya B. Mnajua swali la kwanza linalomjia kijana wa mjini akisikia kitu kama hicho: nani kanipa? Mchumba wake naye akauliza hilo hilo, ila kwa kuligeuza: umeitoa wapi? Mchumba akapima, hana kitu. Miezi mitatu hawakuongea vizuri.

Aliyeumaliza ugomvi ni daktari mmoja mtu mzima, aliyeuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: "Mama yako mzazi amewahi kupima?" Hakuwahi. Akapima. Anavyo. Inaelekea amekuwa navyo karibu maisha yake yote, amezaa watoto watatu navyo, na hakumbuki siku hata moja aliyoumwa ini. Watoto nao wakapimwa. Dada mkubwa, aliyezaliwa 1994, anavyo. Mshikaji wangu, wa 1998, anavyo. Mdogo wao wa mwisho, wa 2003, hana. Mama wa watu alilia wiki nzima akiuliza kosa lake ni lipi, maana kliniki alihudhuria zote na kadi zake amezitunza mpaka leo kwenye mfuko wa nailoni.

Nikaanza kusoma. Nilichokikuta ni kwamba swali la yule daktari lilikuwa limeshajibiwa mwaka 1975, miaka 19 kabla mama huyu hajazaa mtoto wake wa kwanza.

Kabla hatujafika huko tuweke lugha sawa, maana Kiswahili chetu hapa kinatuchanganya. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, unaletwa na mbu, ndio ule unaodaiwa kadi yake ukisafiri. Homa ya ini ni ini lenyewe kuvimba, na virusi wanaosababisha wana ukoo mzima: A, B, C, D na E. Watu wanayachanganya kwa sababu yote mawili yanaweza kuyafanya macho yawe ya njano. Cha kushangaza ni kwamba historia nayo imewahi kuyachanganya, tena ndani ya sindano moja.

Ilikuwa 1942. Jeshi la Marekani lilikuwa likiwachanja askari wake dhidi ya homa ya manjano kabla ya kuwapeleka vitani. Chanjo ile ilikuwa imechanganywa na majimaji ya damu ya binadamu ili isiharibike, na baadhi ya waliotoa damu hiyo walikuwa na virusi ambavyo wakati ule havikuwa hata na jina. Askari wapatao 50,000 waliugua macho ya njano, na baadaye ilikadiriwa kwamba walioambukizwa walifika 330,000. Dalili za hatari kama hiyo zilikuwa zimeonekana mapema, mwaka 1883 huko Bremen, Ujerumani, ambako wafanyakazi wa kiwanda cha meli walichanjwa ndui kwa majimaji yaliyotolewa kwa binadamu wengine, na katika watu 1,289 waliochanjwa, 191 wakageuka njano. Kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba kuna kitu kinasafiri ndani ya damu. Mwaka 1947 daktari Mwingereza, F. O. MacCallum, akapendekeza majina: A kwa ile ya chakula na maji, B kwa ile ya damu.

Lakini tusiwaache wale askari, kwa sababu wana jambo la kutufundisha. Miaka zaidi ya 40 baadaye watafiti waliwatafuta walionusurika, wakawapima. Karibu wote walikuwa na kinga, yaani miili yao ilipigana ikashinda. Waliobaki na virusi hawakufika hata mmoja katika mia. Mtu mzima akiambukizwa homa ya ini B, anaweza kuumwa, pengine vibaya, lakini mara nyingi anapona moja kwa moja. Kichanga akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, haumwi. Halii zaidi ya wenzake, ananyonya, anaongezeka uzito. Ila katika watoto 10 wa namna hiyo, 9 watabaki na virusi maisha yao yote. Kinga yake changa haikijui kilichoingia kuwa ni mgeni, kwa hiyo inakaa nacho nyumba moja. Mgeni huyo anakula ini polepole, na karibu robo ya walioambukizwa utotoni huja kufa mapema kwa ini kujaa makovu na kusinyaa, au kwa saratani ya ini, wengi wakiwa na miaka 40 au 50, katikati ya kusomesha watoto wao. Mtu anazikwa, majirani wanasema amerogwa tumbo likamvimba, au alikuwa mlevi. Nani atakumbuka siku aliyozaliwa?

Nigusie na ndugu wa upande wa pili, maana nimeona watu wakiwachanganya hawa pia. Virusi vya E, vinavyoenezwa kwa maji machafu, vina ukatili wa ajabu kwa wajawazito. Mlipuko mkubwa wa New Delhi wa 1955 na 1956, uliotokana na maji taka kuingia kwenye maji ya bomba, ulikuja kujulikana baada ya miaka mingi kuwa ni wa aina hii. Na hapa jirani, wilaya ya Kitgum kaskazini mwa Uganda, mlipuko ulioanza 2007 kwenye kambi za wakimbizi wa ndani uliwapata watu zaidi ya 10,000. Mjamzito akiupata akiwa kwenye miezi mitatu ya mwisho, uwezekano wa kufa unaweza kufika mmoja katika watano. Homa ya ini E inamuua mama leo, kila mtu anaona, magari ya misaada yanakuja. Homa ya ini B inamwacha mama akitabasamu na kadi yake, na deni linalipwa miaka 40 baadaye na mtu mwingine. Nadhani ndiyo maana imepewa haraka ndogo kuliko inavyostahili.

Sasa turudi kwenye kugunduliwa. Baruch Blumberg hakuwa akitafuta homa ya ini hata kidogo. Alizaliwa New York mwaka 1925, alisomea udaktari, na kilichomvutia kilikuwa swali la jumla zaidi: kwa nini watu wengine wanaugua ugonjwa fulani na wengine hapana? Akawa anakusanya damu kutoka mataifa mbalimbali. Mwaka 1963, yeye na mwenzake Harvey Alter (huyu naye alikuja kupata Nobel mwaka 2020) waliona damu ya mwenyeji wa asili wa Australia ikigongana na kinga iliyokuwa ndani ya damu ya mgonjwa wa Kimarekani aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi. Kile kitu kipya wakakiita antijeni ya Australia. Walikitangaza 1965 wakidhani kinahusiana na saratani ya damu. Mwaka 1967 mfanyakazi wa maabara ya Blumberg alijisikia vibaya, akajipima damu mwenyewe, akaikuta antijeni ile ile, na muda si mrefu ikathibitika ana homa ya ini. Hapo ndipo kitendawili kilipoteguka. Blumberg alipata Nobel mwaka 1976, na siku yake ya kuzaliwa, Julai 28, ndiyo Siku ya Homa ya Ini Duniani. Sasa mnajua tarehe ile ilitoka wapi.

Njia ya kuelekea kwenye chanjo haikuwa safi yote. Huko Willowbrook, New York, kuanzia 1956, watoto wenye ulemavu wa akili waliokuwa wakilelewa katika taasisi moja waliambukizwa homa ya ini kwa makusudi ili watafiti wajifunze. Baadhi ya elimu tuliyonayo leo imetoka hapo. Naliandika kwa sababu vitabu vingi vinalipita kwa mwendo wa kasi.

Aliyelipeleka swali wodi ya wazazi ni Mmarekani mwingine, R. Palmer Beasley, aliyekwenda Taiwan mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kule, kati ya asilimia 15 na 20 ya watu wazima walikuwa na virusi vya B. Mwaka 1975 yeye na wenzake, akiwemo Cladd Stevens, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kina mama wenye virusi na vichanga wao: karibu watoto 40 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa ndani ya miezi 6. Wakaendelea kuchimba, wakaona kwamba si kina mama wote walio sawa. Wale ambao damu yao ina alama nyingine, iitwayo antijeni ya e, ishara kwamba virusi vinazaliana kwa wingi, waliwaambukiza watoto takriban 85 katika 100. Na maambukizi mengi hayatokei tumboni. Yanatokea siku ya uchungu, mtoto anapopita kwenye damu na majimaji ya mama. Hapo kuna dirisha la saa chache, ambalo chanjo ikiingia inaweza kuwawahi virusi.

Wengi hawakuamini kwamba jambo hilo lina uzito. Virusi vipo, sawa, lakini wenye navyo si wanaonekana wazima? Basi Beasley akaandikisha wanaume 22,707, watumishi wa serikali ya Taiwan, akasubiri. Mwaka 1981 alitoa hesabu: 41 walikuwa wamekufa kwa saratani ya ini, na 40 kati yao walikuwa ni wale wenye virusi vya B. Arobaini katika arobaini na moja. Mimi si mtu wa hesabu, lakini niliposoma hapo niliiweka simu pembeni kwa muda.

Mwaka huo huo, 1981, Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza. Beasley akaonyesha kwamba kichanga akipewa chanjo hiyo pamoja na dozi ya kinga iliyotengenezwa tayari, mara tu anapozaliwa, zaidi ya watoto 90 katika 100 waliokuwa hatarini wanaokolewa. Julai 1984 Taiwan ilianza kuwachanja watoto wote wa kina mama wenye virusi, na kufikia 1986 ikawachanja vichanga wote wa nchi nzima. Matokeo yalichapishwa 1997: saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imeshuka kutoka 0.70 kwa kila watoto 100,000 hadi 0.36. Ilikuwa mara ya kwanza duniani chanjo kuonekana inazuia saratani ya binadamu. Watoto wenye virusi, waliokuwa karibu 10 katika 100, katika miaka 20 walibaki kama 1.

Na sisi? Chanjo ilipotoka dozi tatu ziligharimu kama dola 100. Kwa wizara zetu za afya za miaka ile ya 1980 hilo lilikuwa suala la kuota tu. Bei ilishuka baadaye, hasa viwanda vya Korea Kusini vilipoingia sokoni. Mwaka 1992 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zote ziiweke kwenye ratiba zao kufikia 1997. Tarehe ilipita kimya. Ni mpaka muungano wa chanjo wa Gavi ulipoundwa mwaka 2000 na kuleta fedha ndipo mambo yakatembea: Kenya ilianza 2001, Tanzania na Uganda 2002. Rudini mkaangalie watoto wa yule mama. 1994, 1998, 2003. Mstari wa historia umepita katikati ya familia moja, kati ya mtoto wa pili na wa tatu. Na kizazi chetu sisi, tuliozaliwa kabla ya 2002, tuko upande ule wa mstari. Mimi mwenyewe nilipima wiki ile ile (sina, nikachanja, sindano tatu katika miezi 6).

Lakini ilivyoletwa haikuletwa kama Taiwan. Kwetu iliingia ikiwa imechanganywa na dondakoo, pepopunda na kifaduro ndani ya chupa moja, sindano ambayo haitolewi siku ya kuzaliwa. Mtoto anaanza akiwa na wiki kadhaa, siku hizi wiki ya 6. Kumbe dirisha lenyewe ni la saa 24!

Nitende haki. Uamuzi ule haukuwa wa kijinga. Tafiti za Afrika zilionyesha kwamba kwetu kina mama wenye ile alama ya e ni wachache kuliko Asia, na watoto wengi walikuwa wanaambukizwa kati ya mwaka mmoja na mitano, nyumbani, kwa vidonda, mikwaruzo na kuishi pamoja na wenye virusi. Kwa hiyo ukianza wiki ya 6 unawaokoa wengi. Na kweli waliokolewa wengi mno, akiwemo yule mdogo wa mwisho. Pia inawezekana mshikaji wangu hakuambukizwa siku ya kuzaliwa, labda ni akiwa na miaka miwili mgongoni kwa mama. Hakuna kipimo cha kurudisha siku nyuma. Ila kadiri chanjo inavyofunga ile njia ya utotoni, inayobaki wazi ni ya kutoka kwa mama, na waliobaki nje ya hesabu ni watoto wenye majina.

Kwamba Afrika isingeweza, hilo nalikataa. Gambia ilianza 1986, miaka miwili tu baada ya Taiwan, na ilianza na dozi ya siku ya kuzaliwa. Gambia, nchi ndogo isiyo na utajiri wowote. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi hiyo kwa watoto wote mwaka 2009, lakini hadi 2021 ni nchi 14 tu kati ya 47 za kanda yake ya Afrika zilizokuwa zimeiingiza kwenye ratiba. Gavi ilikubali kuigharamia mwaka 2018, kisha mpango ukasimama, na msaada wenyewe ukafunguliwa 2024. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka huo huo ilisema kati ya maambukizi mapya yote ya homa ya ini B duniani, asilimia 63 yako kanda ya Afrika, na vichanga wanaopata dozi ya kuzaliwa ni asilimia 18.

Kinachoniuma ni kwamba huduma yenyewe ipo. Mtoto akizaliwa hospitali anatakiwa kupewa BCG begani na matone ya polio mdomoni. Mikono ya muuguzi ipo, sindano ipo, jokofu lipo. (Japo BCG nayo mara nyingine inangoja siku kadhaa, maana chupa moja ni ya watoto wengi na muuguzi hataki kuifungua kwa mmoja.) Mjamzito anapimwa virusi vya ukimwi na kaswende, kwa miaka mingi sasa. Kumbukeni Kampala, 1999, utafiti uliofanyika Mulago ulionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama na tone kwa mtoto vinapunguza maambukizi ya VVU karibu nusu. Dunia ilisimama, na ilistahili kusimama. Homa ya ini B ilikuwa na chanjo tangu 1981 na haikusimamisha mtu. Halafu tazameni mzunguko wake: dawa ya tenofovir, inayotumika kwa VVU, inavikandamiza pia virusi vya B, kwa hiyo mama mwenye VVU anayeitumia anamkinga mtoto wake na homa ya ini bila hata kujua. Mama mwenye homa ya ini peke yake ndiye anayekosa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilielekeza dawa hiyo hiyo apewe mjamzito mwenye virusi vingi, kuanzia wiki ya 28, pamoja na chanjo kwa mtoto. Kumnyonyesha mtoto aliyechanjwa hakuna shida, na upasuaji hauhitajiki kwa sababu hiyo.

Haya, nimalizie kwa ile familia. Wakati haya yote yanafumuka, dada mkubwa alikuwa mjamzito wa miezi mitano. Kadi yake ya kliniki ilikuwa na kila kitu isipokuwa homa ya ini. Alipimwa wingi wa virusi kwenye maabara ya kulipia, vikaonekana ni vingi, akaanzishiwa tenofovir wiki ya 28. Chanjo ya mtoto waliinunua wenyewe siku mbili kabla ya tarehe. Mfamasia aliwaonya isigusane na barafu, maana chanjo hii ikiganda ndiyo imekufa, kwa hiyo mshikaji wangu aliibeba kwenye kikasha, imefungwa kwa gazeti (halikuwa letu, nilikagua), juu ya bodaboda.

Mtoto wa kike alizaliwa Jumamosi saa kumi alfajiri. Saa tatu na nusu asubuhi muuguzi akamchoma pajani. Nilikuwepo nje, kwenye benchi, nimekaa na bibi yake, mfuko wake wa nailoni mapajani. Tulisikia mtoto akilia. Bibi akaniuliza mara mbili, "Wameshamchoma?" Nikamwambia wameshamchoma, mama. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwandikie saa kamili kwenye karatasi.